Dakika 90: kipimo kilichoziharakisha hospitali za Marekani, na vifo ambavyo havikushuka

Septemba 2013 jarida kubwa la tiba nchini Marekani lilichapisha utafiti uliowaumiza vichwa madaktari wengi wa moyo. Watafiti walikuwa wamepitia kumbukumbu za wagonjwa 96,738 wa shambulio la moyo, waliozibuliwa mshipa kwa puto katika hospitali 515 kati ya Julai 2005 na Juni 2009. Mwaka wa kwanza wa hesabu hiyo, nusu ya wagonjwa walikuwa wamefikiwa na puto ndani ya dakika 83 tangu waingie mlango wa hospitali. Mwaka wa mwisho zilikuwa dakika 67. Waliotibiwa ndani ya dakika 90, kikomo ambacho hospitali zilipimwa nacho, walipanda kutoka asilimia 59.7 hadi 83.1. Kisha ukaja mstari wa vifo: waliofia hospitalini walikuwa asilimia 4.8 mwanzoni na asilimia 4.7 mwishoni.

Yaani dakika 16 zimepunguzwa, jasho la maelfu ya wauguzi na madaktari limemwagika, na vifo viko palepale.

Wapo waliosema mara moja kwamba kipimo chenyewe kilikuwa cha bure, hospitali zilikuwa zinakimbizana na namba. Sikubaliani nao. Kisa hiki cha dakika 90 ndicho ninachokiona kuwa funzo kubwa kuliko yote kwa yeyote anayetaka kupima ubora wa huduma hospitalini, na ukikisoma kwa pupa utatoka na jibu lisilo sahihi. Kipimo kilifanya kazi yake. Jambo lililosahauliwa ni kuuliza nani anahesabiwa, nani hahesabiwi, na saa inaanza kugonga wapi.

Kwanza tuone kwa nini dakika zina uzito. Shambulio la moyo la aina inayozungumzwa hapa hutokea donge la damu linapoziba kabisa mmoja wa mishipa inayoulisha msuli wa moyo. Msuli ulionyimwa damu haufi kwa mkupuo. Unakufa kidogo kidogo kwa saa kadhaa, ukianzia tabaka la ndani kwenda nje, na kilichokufa hakifufuki. Kipimo cha umeme wa moyo, ECG, kinaonyesha hali hiyo kwa sehemu ya mstari kuinuka juu ya kawaida yake. Hapo kuna njia mbili: kumpa mgonjwa dawa ya kuyeyusha donge kupitia mshipa wa mkono, au kupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye kinena au kifundo cha mkono hadi kwenye moyo, kutanua puto mahali palipoziba na kuacha stenti, kimrija cha wavu kinachoushikilia mshipa ubaki wazi. Uchambuzi wa mwaka 2003 uliokusanya majaribio 23 ulionyesha kwamba waliotibiwa kwa puto walikufa kwa kiasi cha asilimia 7 katika wiki za mwanzo, na waliopewa dawa asilimia 9. Puto likashinda.

Lakini dawa iko kwenye kabati la idara ya dharura. Puto linataka maabara ya katheta, yaani chumba cha kupitishia mrija huo, mashine ya eksirei, daktari bingwa, wauguzi na mafundi waliofunzwa, na saa tisa usiku watu hao wote wako majumbani mwao wamelala. Ushindi wa puto ulitegemea kasi ya kuwaamsha na kuwafikisha. Takwimu za rejista ya taifa ya Marekani zilizochapishwa mwaka 2006, za wagonjwa 29,222 katika hospitali 395, zilionyesha ngazi inayopanda bila kuruka: waliofikiwa na puto ndani ya dakika 90 walikufa asilimia 3.0, kati ya dakika 91 na 120, asilimia 4.2, kati ya 121 na 150, asilimia 5.7, zaidi ya hapo, asilimia 7.4. Ukiitazama ngazi hiyo huwezi kumlaumu mtu aliyeamini kwamba akiwasukuma wagonjwa wote ngazi moja chini, vifo vitashuka nao.

Upimaji wenyewe ulikuwa umeanza zamani. Mwaka 1992 Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, ilianzisha mradi wa kusoma mafaili ya wagonjwa wa shambulio la moyo, na majaribio yakafanyika katika majimbo manne: Alabama, Connecticut, Iowa na Wisconsin. Kabla ya hapo ubora wa hospitali ulipimwa zaidi kwa sifa na kwa malalamiko. Mafaili yalipofunguliwa ilionekana kwamba hata dawa za bei rahisi zilizothibitishwa hazikuwa zikiwafikia wagonjwa waliozistahili. Dawa za kundi la beta bloka, zinazoupunguzia moyo kazi, kwa mfano, ziliandikwa kwa chini ya nusu ya wagonjwa waliofaa kuruhusiwa kwenda nazo nyumbani. Hakuna aliyekuwa akizikataa. Hakuna aliyekuwa akihesabu.

Baadaye hesabu hizo zikatoka hadharani. Sheria ya mwaka 2003 ilizipunguzia malipo ya Medicare hospitali ambazo hazikuwasilisha takwimu zao, na mwaka 2005 serikali ikafungua tovuti ya Hospital Compare, ambapo mwananchi yeyote angeweza kuona asilimia ya hospitali ya mjini kwake. Kipimo cha puto mwanzoni kiliwekwa dakika 120. Mwongozo wa tiba wa mwaka 2004 ulishasema 90, na mwaka 2006 kipimo kikashushwa kifuate mwongozo. Mwaka 2005, kwa takwimu za Medicare, waliotimiza dakika 90 walikuwa asilimia 44.2 tu.

Hapa ndipo kazi iliyonivutia kuliko zote katika kisa hiki ilipofanyika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, wakiongozwa na Elizabeth Bradley na Harlan Krumholz, waliamua kwenda kuwatazama wanaofanya vizuri badala ya kuwahubiria wanaofanya vibaya. Walizitembelea hospitali 11 zilizokuwa za kasi, wakakaa na watu 122, kuanzia wakurugenzi hadi mafundi wa maabara, wakawauliza: mgonjwa akiingia hapa, nani anafanya nini? Baada ya hapo waliandaa dodoso wakalipeleka kwa hospitali 365, wakalinganisha majibu na dakika halisi za kila hospitali.

Ili kuelewa walichokikuta, fuata njia ya kawaida ya wakati ule. Mgonjwa anafika akiwa ameshika kifua. Muuguzi wa mapokezi anampima presha, anamwandikisha, anamtafutia kitanda. ECG inafanyika. Daktari wa dharura anaisoma na kuona mstari umeinuka. Sasa anampigia daktari bingwa wa moyo nyumbani. Bingwa anaamka, anaomba atumiwe ECG kwa faksi, anaitazama, anauliza maswali, pengine anasema nakuja nimwone kwanza. Akisharidhika ndipo timu ya maabara inaanza kuitwa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa simu yake, na kila mmoja anaanza safari yake. Kila hatua ina sababu nzuri. Daktari wa dharura anaogopa kumwamsha bingwa bure. Bingwa anaogopa kuiamsha timu nzima bure. Mgonjwa ndiye anayelipa woga wa wote wawili.

Hospitali za kasi zilikuwa zimeukata mnyororo huo. Daktari wa dharura alikuwa na ruhusa ya kuiita timu mwenyewe bila kusubiri kauli ya bingwa, na hilo peke yake liliendana na pungufu la dakika 8.2. Simu moja kwa mwendesha simu wa hospitali, ambaye naye anawaita wote kwa wakati mmoja, iliendana na pungufu la dakika 13.8. ECG iliyofanyika ndani ya ambulensi na timu ikaitwa mgonjwa akiwa bado njiani: dakika 15.4. Kanuni kwamba kila mwanatimu awe maabara ndani ya dakika 20 tangu aitwe, ikilinganishwa na kuruhusiwa zaidi ya 30: dakika 19.3. Bingwa wa moyo kuwa hospitalini muda wote: dakika 14.6. Na la mwisho, ambalo wengi hulidharau, kuwarudishia wahudumu takwimu za kila kisa mara tu kinapoisha, wakiwemo watu wa ambulensi: dakika 8.6.

Tazama vizuri orodha hiyo. Ukiondoa la bingwa kukesha, hakuna mashine mpya hapo wala dawa mpya. Ni ruhusa, ni simu, ni kanuni ya muda, ni watu kuambiwa walivyofanya. Hata hivyo wakati dodoso linajibiwa hospitali nyingi hazikuwa zikiyafanya mambo hayo.

Novemba 2006 American College of Cardiology, chama cha madaktari wa moyo wa Marekani, ilianzisha muungano wa hospitali kuyasambaza, na karibu hospitali 1,000 zikajiunga. Lengo lilikuwa robo tatu ya wagonjwa watibiwe ndani ya dakika 90. Lilifikiwa mapema kuliko wengi walivyotarajia. Kwa takwimu za Medicare, muda wa mgonjwa wa katikati ulishuka kutoka dakika 96 mwaka 2005 hadi 64 mwaka 2010, na waliotimiza dakika 90 wakafika asilimia 91.4. Katika tiba, mabadiliko ya ukubwa huo kwa miaka mitano ni nadra mno. Anayesema vipimo vya ubora havibadilishi chochote na atazame namba hizo.

Basi kwa nini vifo havikushuka?

Jibu la kwanza liko kwenye faili la mgonjwa, na aliyewahi kukaa na faili akitafuta saa ya tukio atanielewa upesi. Chukua mfano. Mgonjwa ameandikwa mapokezi saa 8:10 usiku. ECG imechapwa na saa yake ukingoni: 8:19. Karatasi ya muuguzi inasema timu imeitwa 8:25. Ripoti ya maabara ya katheta inasema puto limetanuliwa 9:38. Mkusanyaji wa takwimu anatoa, anapata dakika 88, anaweka alama ya kufaulu. Lakini saa ya mapokezi inatoka kwenye kompyuta ya usajili, ya ECG iko ndani ya mashine ya ECG, ya muuguzi ni ya ukutani, na ya maabara iko kwenye kompyuta ya maabara. Kama hii ya mwisho iko nyuma dakika nne, mgonjwa huyu amesubiri dakika 92 na hospitali imefeli. Hakuna aliyedanganya. Ndiyo maana hospitali makini zilianza kwa kulinganisha saa zao zote kabla ya kugusa kitu kingine.

Saa ni jambo dogo. Jambo zito liko kwenye kanuni ya nani anatolewa katika hesabu. Mgonjwa ambaye moyo wake ulisimama akiwa mapokezi, au aliyelazimika kuwekewa mrija wa kupumulia, au ambaye yeye na familia yake walisita kutia saini, au ambaye mshipa wake ulikataa kupitika, hakupaswa kuhesabiwa kama uzembe wa hospitali, na kanuni ikaruhusu aondolewe mradi sababu iwe imeandikwa. Ni kanuni ya haki. Isingekuwepo, daktari angeweza kukimbilia maabara na mtu ambaye pumzi yake haijatulia ili saa isimpite. Ila sikiliza kilichoonekana wagonjwa hao walipotazamwa peke yao. Katika rejista ya taifa, kati ya wagonjwa 82,678, waliocheleweshwa kwa sababu zisizotokana na mfumo wa hospitali walikuwa asilimia 14.7. Wengi wao walikuwa wazee zaidi, wanawake zaidi, Wamarekani weusi zaidi, na wenye magonjwa mengine zaidi. Ambao hawakucheleweshwa kwa sababu hizo walikufa asilimia 2.5. Waliocheleweshwa walikufa asilimia 15.1.

Piga hesabu ya haraka: kundi lisilofika hata moja ya sita ya jumla linabeba takribani nusu ya vifo vyote. Na ndilo kundi ambalo kipimo kiliruhusiwa kufumbia macho. Hospitali ingeweza kupata asilimia 95 kwenye tovuti ya serikali bila kujifunza lolote kuhusu wagonjwa waliokuwa wakifa mikononi mwake.

Wapo pia waliobaki nje ya kipimo kwa sababu waliingia mlango usio sahihi. Hospitali nyingi za Marekani, hasa za vijijini, hazina maabara ya katheta. Mgonjwa akifika huko anahamishiwa kwingine, na kipimo cha dakika 90 hakikumhesabu. Utafiti wa rejista ya miaka 1999 hadi 2002 uliohesabu muda tangu mlango wa hospitali ya kwanza hadi puto katika hospitali ya pili ulipata dakika 180 kwa mgonjwa wa katikati, na waliotimiza 90 walikuwa asilimia 4.2. Miaka kadhaa baadaye, muda wa kukaa katika hospitali ya kwanza tu, tangu kuingia hadi kutoka na ambulensi, ulikuwa dakika 68 kwa mgonjwa wa katikati. Lengo lilikuwa 30, na lilitimizwa kwa mmoja kati ya tisa hivi. Waliotimiziwa walikufa asilimia 2.7, waliokaa zaidi, asilimia 5.9. Hapa ndipo ningepeleka nguvu kama ningekuwa mpangaji wa afya wa jimbo, maana North Carolina walionyesha kwamba inawezekana: mpango wao wa jimbo zima, ulioziunganisha hospitali 65 na huduma za ambulensi, ulishusha muda huo kutoka dakika 120 hadi 71.

Jibu la pili lilikuja mwaka 2015, na linahitaji utulivu kidogo. Watafiti, Brahmajee Nallamothu akiwa wa kwanza kwenye orodha yao, walichukua matibabu 150,116 katika hospitali 423 kuanzia 2005 hadi 2011, kisha wakatenganisha maswali mawili ambayo wote tulikuwa tukiyachanganya. Swali la kwanza: kati ya wagonjwa wa mwaka uleule, aliyetibiwa haraka ana nafasi nzuri zaidi ya kuishi kuliko aliyecheleweshwa? Ndiyo, na kila dakika kumi zilizopungua ziliendana na kushuka kwa hatari ya kufia hospitalini. Swali la pili: mwaka hadi mwaka, vifo vya kundi zima vilishuka? Hapana, hatari ilikuwa ikipanda. Majibu yote mawili ni ya kweli, kwa sababu kundi lenyewe lilikuwa likibadilika. Idadi ya waliotibiwa kwa puto katika hospitali hizo iliongezeka kwa asilimia 55. Milango ilipofunguka zaidi waliingia wagonjwa ambao zamani wasingepelekwa maabara kabisa, na wengi wao hali zao zilikuwa mbaya zaidi. Wagonjwa wa 2005 na wa 2011 hawakuwa watu wa aina moja, kwa hiyo kuweka vifo vyao mizani moja na kusema kasi haikusaidia ni kosa la hesabu.

Nasisitiza hili kwa sababu kosa hilohilo hufanyika kwingi. Wodi inafungua milango kwa wagonjwa mahututi waliokuwa wakikataliwa, vifo vinapanda, na anayesoma ripoti ofisini anauliza wodi imeharibika lini. Kabla ya kusoma namba ya vifo soma namba ya walioingia, na waliingia wakiwa katika hali gani.

Lipo jibu la tatu, na ndilo gumu kuliko yote: msuli wa moyo haujui mlango wa hospitali. Unaanza kufa pale nyumbani, mtu anapokaa kwenye kiti akisema ni gesi, itapita. Mtu aliyesubiri saa tatu nyumbani kisha akatibiwa kwa dakika 60 amekaa na mshipa ulioziba saa nne. Aliyekuja baada ya nusu saa akasubiri dakika 100 amekaa saa mbili na dakika kumi. Kwenye karatasi ya ubora wa kwanza amefaulu na wa pili amefeli. Kuwaleta watu mapema nako si kazi ya mabango peke yake. Marekani iliendesha jaribio kubwa la elimu kwa umma katika miji 20 katika miaka ya 1990. Watu waliongeza kuita ambulensi, lakini muda wa kusubiri nyumbani haukupungua kuliko katika miji iliyoachwa bila kampeni.

Mwongozo wa tiba wa mwaka 2013 uliisogeza saa nyuma: dakika 90 zikaanza kuhesabiwa tangu mhudumu wa kwanza wa afya amguse mgonjwa, hata kama ni wa ambulensi sebuleni, na kwa anayehamishwa hospitali zikawekwa dakika 120. Ni hatua nzuri, kwa sababu sasa watu wa ambulensi na watu wa hospitali wanahesabiwa kwenye karatasi moja na hawawezi tena kutupiana lawama. Nilitamani ingekuja pamoja na sharti la kuandika saa ya maumivu kuanza katika kila faili, hata kama ni ya kukadiria.

Kasi nayo ina gharama zake. Huko Minneapolis, ambako timu ziliitwa upesi bila kusubiri bingwa, watafiti waliangalia wagonjwa 1,335 waliofikishwa maabara na kufanyiwa picha ya mishipa. Asilimia 14 hawakuwa na mshipa uliosababisha shambulio, na asilimia 9.5 hawakuwa na ugonjwa wa maana wa mishipa ya moyo. Wengine wanaisoma namba hiyo kama aibu. Mimi naiona kama bei inayojulikana: ukitaka kutomkosa mgonjwa wa kweli saa tisa usiku, utaiamsha timu mara kadhaa kwa mtu asiyehitaji puto. Hospitali inayojisifu kwamba haijawahi kuiamsha timu bure inanitia wasiwasi zaidi.

Na hata vipimo vyote vya mchakato vikiwekwa pamoja, aspirini, beta bloka, muda wa puto na vinginevyo, havielezi kwa nini hospitali moja inapoteza wagonjwa wengi kuliko nyingine. Uchambuzi wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba vilieleza asilimia 6 tu ya tofauti za vifo vya siku 30 kati ya hospitali. Zilizobaki zinatoka kwingine: wagonjwa ni nani, wanafika wakiwa na hali gani, uangalizi wa wodini usiku, jinsi muuguzi anavyosikilizwa anapomwambia daktari kwamba mgonjwa wa kitanda cha pili hajakaa sawa. Hayo hayapimiki kwa saa.

Nimekaa na kisa hiki kwa sababu maabara za katheta sasa zipo Afrika Mashariki pia, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam ikiwa mfano, na kishawishi cha kuchukua kipimo cha dakika 90 kama kilivyo ni kikubwa. Kabla ya hapo, tazama Moshi. Watafiti wa KCMC, hospitali ya rufaa ya huko, pamoja na Chuo Kikuu cha Duke waliwafanyia ECG na kipimo cha troponini, protini inayovuja kwenye damu msuli wa moyo unapoumia, wagonjwa wazima waliofika idara ya dharura wakiwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na shambulio la moyo. Wengi wao hawakutambuliwa kuwa nalo katika huduma ya kawaida, aspirini iliwafikia wachache, na zaidi ya wanne kati ya kila kumi walikuwa wamefariki siku 30 baadaye.

Kwa mahali kama hapo, rejista inayoanza na wagonjwa waliopata puto itawahesabu watu wachache mno na itatoa asilimia nzuri. Hata rejista inayoanza na waliogunduliwa kuwa na shambulio la moyo itawakosa wengi. Inabidi ianze na kila mtu mzima aliyefika akilalamikia kifua au pumzi, halafu iulize: ECG ilifanyika? Ilifanyika dakika ya ngapi, na nani aliisoma? Aspirini ilitolewa kabla hajatoka chumba cha dharura? Maumivu yalianza saa ngapi, na kabla ya kufika hapa alipitia wapi, zahanati gani, duka gani la dawa? Siku ya 30 yuko hai? Timu ya Moshi ilianza hukohuko mwanzoni mwa njia, kwa kadi za kuwakumbusha wauguzi wa mapokezi na kadi za mfukoni za madaktari. Karatasi ya ECG na kidonge cha aspirini ni vitu ambavyo hospitali nyingi za rufaa tayari wanavyo. Safu ya maumivu ya kifua katika daftari la mapokezi inaweza kuongezwa leo kwa rula na kalamu.